Barua ya Wazi kwa Wenye Meli za Kitalii na Wenye Bima: Mnatufundisha Kuficha Maradhi

Reading, Uingereza

Kwa wakurugenzi wa kampuni za meli za kitalii zinazong'oa nanga Southampton,
Kwa wakurugenzi wa kampuni za bima za safari,
Nakala kwa wakubwa wa bandari na utalii, Mombasa na Zanzibar.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili Uingereza. Sheria sikuisomea. Kazi yangu ni kupika chakula cha watoto wa shule, kwa hiyo habari za kutapika na kuharisha nazijua kikazi. Jikoni kwetu mtu akiumwa tumbo harudi kushika sufuria mpaka zitimie saa 48 tangu dalili ya mwisho, na mshahara wake hauguswi. Ndiyo maana wapishi wetu husema. Mtu akisikia tumbo linavuruga usiku, alfajiri simu ya mkuu wa jiko inalia. Nawaomba mlishike hilo, kwamba kwetu watu husema, kwa sababu barua yote hii inalizunguka.

Mwaka jana mwezi wa Juni, mimi, mume wangu na mamangu mzazi mwenye miaka 71 tulipanda meli Southampton kwenda Norway, usiku saba. Tulizichanga pesa hizo miaka mitatu. Chumba chetu kilikuwa cha ndani, sitaha ya tano, hakina dirisha, maana chenye dirisha kilituzidi kimo. Mama alisema haidhuru, nje tutatoka, chumba ni cha kulala tu. Kampuni ya meli siitaji na ya bima siitaji, kwa kuwa nimeuliza wenzangu wa huku na wa nyumbani na nimeona kisa changu ni cha wengi. Atakayejitambua, na ajitambue.

Nianze pale gatini. Kabla ya kupanda tulipewa fomu ya afya: je, katika siku mbili zilizopita umetapika au umeharisha? Nilikuwa mzima, nikaweka alama kwenye Hapana kwa moyo mweupe. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akimnong'oneza binti yake wa miaka kama kumi, "Weka hapana, ile ya juzi ilikuwa chipsi tu." Siku ile nilimkasirikia. Leo simkasirikii hata kidogo. Angeandika Ndiyo, angeitwa pembeni na muuguzi, pengine angerudishwa nyumbani na masanduku yake, na hati ya bima kama ile niliyokuwa nayo mimi isingemlipa. Yangu inasema wazi kwamba kuzuiwa kupanda na mwenye meli hakuhesabiwi kuwa ni kuvunja safari kwa ugonjwa, mpaka daktari wako wa mtaani awe ameandika cheti kabla hujaondoka nyumbani. Sasa nani atapata miadi na daktari wa mtaani, Uingereza hii, kwa mtoto aliyeharisha mara mbili Alhamisi, naye anasafiri Jumamosi? Fomu yenu ina visanduku viwili, lakini mmekwisha kuweka bei juu ya kimoja.

Jumatatu tulikuwa Stavanger. Mama alitembea kwenye zile nyumba nyeupe za mbao akasema zinamkumbusha masanduku ya biskuti. Usiku wake, saa nane, nikaamka. Sitawaeleza yaliyofuata, wenye kujua norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, wanajua, na wasiojua Mungu awaepushie. Kufikia alfajiri nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye choo ambacho mtu mnene hawezi kugeuka, ndoo mapajani.

Mume wangu, mtu mwema kabisa, akaniambia, "Mama Salim, nyamaza. Kunywa chai ya tangawizi, ulale. Leo Olden, kesho Geiranger. Ukipiga simu tu, umekwisha." Mama alikuwa amekaa kitandani, kanga begani, akasema, "Mwanangu, mficha maradhi kilio kitamuumbua." Nikatazamana na wote wawili. Nikafikiria bufee ile ya sitaha ya juu, vijiko vinavyoshikwa na watu elfu, nikafikiria watoto wangu wa shule. Nikapiga simu.

Daktari wa meli hakuwa mbaya. Alinipima, akanipa dawa ya kuzuia kutapika na chumvi za kuchanganya na maji, akaniambia nibaki chumbani mpaka zipite saa 48 bila dalili yoyote. Dalili ya mwisho ilikuwa Jumanne saa kumi na moja jioni. Nilifunguliwa Alhamisi saa kumi na moja jioni, dakika ileile ambayo meli ilikuwa ikiiacha Bergen. Olden, Geiranger na Bergen, zote tatu nilizilipia na zote tatu zimepita nikiwa ndani. Geiranger niliiona kwenye televisheni, kwani kuna idhaa inayoonyesha picha za kamera ya mbele ya meli. Maporomoko ya maji yakawa ukubwa wa kidole gumba. Mama akakataa kushuka. Alisema hawezi kwenda kutazama milima na mtoto wake yuko ndani. Akakaa na mimi, anasoma uradi wake, ananipangusa uso kwa kitambaa. Kwenye televisheni akauliza, "Hiyo ndiyo tuliyokuja kuiona?" Nikamwambia ndiyo mama. "Nzuri," akasema.

Kwetu pwani kumweka mtu ndani si jambo geni. Mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Lakini akikaa ndani huko anakandwa kwa maji ya moto, anafukizwa udi, anapikiwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji, mashoga wanamjia na zawadi. Anayewekwa ndani ndiye anayehudumiwa kuliko wote nyumbani. Hata neno karantini lenyewe ni arobaini, walilipata watu wa Venice kutokana na siku arobaini walizokuwa wakizisubirisha meli kabla ya watu kushuka. (Mume wangu amesoma mpaka hapa akasema kuna na arobaini za mwizi. Nimemwambia aende zake.)

Ninyi mliniweka ndani mkaniletea ankara. Pauni 186, kwa kuonwa na daktari mara moja, dawa, na simu moja ya muuguzi kuniuliza kama bado natapika. Zikakatwa kwenye kadi kabla sijaamka vizuri. Najua zipo kampuni ambazo ugonjwa wa tumbo hawautozi, na hao nawapa mkono. Wengine mnanitoza kwa kuwasaidia ninyi. Maana mimi peke yangu ningepona kwa maji na chumvi, hicho ndicho kinachofanywa kwa norovirusi, haina dawa ya kuiua. Aliyefaidika na simu yangu ni abiria elfu mbili na mia kadhaa waliobaki, na meli yenu, na jina lenu.

Ijumaa, siku ya baharini tupu, nikapanda juu kupata kifungua kinywa. Tukaketi na mzee mmoja mstaafu, mcheshi, msafiri wa meli wa miaka mingi. Nikamweleza yaliyonipata. Akainama, akaniambia kwa fahari ya mtu aliyeshinda karata, "Mimi pia Jumatatu usiku nilitapika kama wewe. Sikumwambia mtu. Nimeona Olden, nimeona Geiranger, nimeona Bergen." Kisha akainuka kwenda kujiongezea mayai, na kile kijiko kikubwa alichokishika kikashikwa na mtu wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo.

Waheshimiwa, mimi nilisema na yule mzee akanyamaza. Hesabuni ninyi wenyewe nani mlimpa tuzo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi meli ni chafu. Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema milipuko ya norovirusi kwenye meli za kitalii ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote inayoripotiwa. Mingi hutokea katika nyumba za wazee, hospitali, mikahawani na shuleni kama kwangu. Tatizo la meli ni msongamano, vishikio, na kirusi chenyewe ambacho chembe zisizofika 100 zinatosha kumwangusha mtu mzima. Na hapa niseme la jikoni: kile kitakasa mikono mnachokiweka mlangoni pa mkahawa, chenye spiriti, hakifui dafu mbele ya norovirusi. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kazi. Nyumbani kwetu mgeni hunawishwa kwa birika na bakuli kabla ya kugusa sinia, na hakuna aliyewahi kuona ni kudharauliwa. Wekeni masinki mlangoni, na mtu wa kusimama pale.

Hao hao CDC wana mpango wa kukagua usafi wa meli zinazoingia bandari zao kutoka nchi nyingine. Meli hukaguliwa kwa kushtukizwa na kupewa alama katika 100, ikipata 85 au chini imefeli. Na mlipuko hutangazwa kwa umma pale wanaougua kuhara na kutapika wanapofika asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi. Ni utaratibu mzuri, ila tazameni unahesabu nini. Unahesabu walioripoti kwa daktari wa meli. Meli ya abiria 3,000 inahitaji wagonjwa 90 walioripoti. Wakiumwa 150 na mia wakanyamaza kama mzee wangu wa mayai, kwenye daftari meli ni salama. Kwa hiyo kila mtu anayenyamaza anawapendezesha kwenye karatasi, na kila anayesema anawaharibia. Sisemi mnafanya makusudi. Nasema ada ya daktari, kadi ya chumba inayozimwa na bima isiyolipa vyote vinasukuma mtu upande mmoja, na upande huo unawafaa.

Kadi. Ngoja niifafanue hiyo, kwa sababu ndipo walipoingia watu wa bima.

Tulipofika nyumbani nilituma madai. Hati yangu ina kifungu cha kufungiwa chumbani, niliongeza pesa kukipata, na kinasema nitalipwa pauni 50 kwa kila saa 24 kamili ambazo daktari wa meli ameniamuru kubaki ndani. Nilikuwa ndani tangu Jumanne saa mbili asubuhi mpaka Alhamisi saa kumi na moja jioni: saa 57. Hata kwa hesabu yao ya kubana, siku mbili kamili, pauni 100. Jibu likaja baada ya wiki sita. Barua ya daktari, wakaandika, inasema abiria "alishauriwa" kupumzika chumbani. Haisemi "aliamriwa". Kwa hiyo sikufungiwa. Nilipumzika.

Nawauliza kwa adabu zote: ni ushauri gani unaozima kadi ya mtu? Jumanne asubuhi mume wangu alishuka Olden kwa kadi yake. Kadi yangu mimi, nilipoijaribu Jumatano kwa kuwa nilijihisi mzima, mlango wa chumba ilifungua lakini mlangoni pa kutelemkia ilipiga kengele, mlinzi akaniambia kwa upole nirudi ndani. Kwetu anayekushauri akikufungia mlango huitwa askari. Meli inaandika "alishauriwa" isije ikashtakiwa kwa kumfunga mtu. Bima inasoma "alishauriwa" isije ikalipa. Mimi nimesimama katikati ya maneno mawili na ndoo yangu.

Kwa mama wakasema hakuwa mgonjwa, hivyo hastahili hata senti. Kweli hakuwa mgonjwa. Pauni 186 za daktari walizikubali, kisha wakakata pauni 150 ambazo kila mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa. Nikaingiziwa pauni 36. Nilimnunulia mama kilemba cha pamba.

Na mimi ni mwenye bahati, maana nilikuwa na bima. Nimeshangaa ni wangapi kati yetu wanaodhani NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inawafuata baharini. Haiwafuati, daktari wa meli ni wa kulipa hata kama meli bado inaiona Southampton kwa macho. Shemeji yangu aliyeko Marekani aliniambia yeye ana Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, hana wasiwasi. Nikamsomea: Medicare inaweza kulipia matibabu melini ikiwa meli iko katika bandari ya Marekani au haijapita mwendo wa saa sita kutoka bandari hiyo. Saa ya saba uko peke yako na Mola wako. Akanyamaza, kisha akauliza bei ya bima.

Nimetaja daktari na muuguzi. Sikumtaja aliyenilisha. Jumatano mchana mlango uligongwa, sinia ikawekwa sakafuni, nikasikia mtu akiimba kidogo kidogo kwa Kiswahili. Nikaita kupitia mlangoni, "Wewe ni wa wapi?" Kimya. Kisha, "Likoni, mamangu. Pole sana." Nilitokwa na machozi, na sidhani ni ugonjwa. Kutoka hapo kila sinia ilikuja na ndizi mbili badala ya moja, na siku ya pili akaniletea ndimu na chumvi ambazo sikuziagiza. Vijana wetu wengi wa Mombasa siku hizi wamo katika meli hizi, wanafua, wanaosha vyombo, wanatandika vitanda, na mmoja wao akiumwa tumbo hutengwa kama nilivyotengwa mimi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, unaotumika tangu 2013 na ambao Kenya imeuridhia, unamtaka mwenye meli amtibu baharia kwa gharama zake na amlipe mshahara wake kamili wakati anaumwa melini. Vizuri. Lakini yule kijana aliniambia, siku ya mwisho, tulipoonana uso kwa uso, kwamba mshahara si pesa. Pesa ni bakshishi. Siku tatu kitandani ni siku tatu za bakshishi za mtu mwingine, na mamake Likoni anasubiri. "Kwa hiyo mtu hufanyaje?" nikamuuliza. Akatabasamu tu. Nilikwisha kupata jibu langu, na nikakumbuka ni nani anayeshika glasi zetu.

Msifikiri haya ni mambo ya tumbo peke yake. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama na watu 3,711. Kufikia mwisho, 712 walipatikana na korona. Abiria walifungiwa vyumbani, wafanyakazi wakaendelea kupika na kupeleka masinia na kulala wawili wawili chini ya sitaha. Mwezi uliofuata Ruby Princess iliteremsha watu Sydney, na vifo 28 vikahusishwa na safari ile. Abiria mmoja alikwenda mahakamani, akidai zaidi ya dola 360,000 za Australia. Oktoba 2023 Mahakama ya Shirikisho ikasema kampuni ilizembea, haikupaswa hata kung'oa nanga. Alishinda. Akapewa dola 4,423.48 za matibabu, na riba. Mimi na pauni zangu 36 nikaona sina haja ya kulia sana.

Na karibu zaidi na kwetu: tarehe 25 Februari 2024 Mauritius iliikatalia meli ya Norwegian Dawn kuingia Port Louis kwa hofu ya kipindupindu, kwa kuwa abiria wapatao kumi na tano walikuwa wametengwa na matumbo yao. Watu zaidi ya 3,000 wakazuiliwa baharini. Vipimo vikaonyesha si kipindupindu, kesho yake ikaruhusiwa. Mauritius siilaumu, kisiwa kina haki ya kuogopa kipindupindu. Ila fikirieni abiria wa safari ijayo ya baharini hii hii aliyeisoma habari hiyo. Akiharisha siku mbili kabla ya bandari, atasema? Akisema, watu elfu tatu watamtazama kama ndiye aliyewafungia kisiwa.

Lipo jambo moja ambalo lilinishangaza nilipoanza kusoma haya usiku, baada ya kazi. Nchi zote za Shirika la Afya Duniani zimekubaliana katika Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ibara ya 40, kwamba serikali haitamtoza msafiri kwa kumpima wala kwa kumtenga kwa sababu ya afya ya umma, isipokuwa yule anayekuja kutafuta ukaazi. Wazo lake ni lile lile la arobaini ya mzazi: ukimweka mtu ndani kwa faida ya wote, wote wabebe gharama. Meli si serikali, najua. Na najua serikali zenyewe husahau. Sisi tuliotoka Kenya mwaka 2021 ilipokuwa kwenye orodha nyekundu ya korona ya Uingereza tulilipishwa pauni 1,750 kwa kufungiwa hotelini siku kumi, na hakuna aliyetusomea ibara hiyo mapokezi. Lakini kama wakubwa wa dunia waliweza kukaa wakaona ni aibu kumtoza aliyetengwa, nanyi mnaweza kukaa.

Ninachotaka si kikubwa. Kutapika, kuharisha na homa: kumwona daktari wa meli kuwe bure, kila meli, na iandikwe kwenye karatasi ileile ya kwanza inayotuonyesha bwawa la kuogelea. Anayetengwa apewe barua siku hiyohiyo, yenye saa aliyoingia na saa aliyotoka, na neno ameamriwa, kwa sababu ndilo la kweli. Siku aliyofungiwa irudishwe, hata kama ni kwa punguzo la safari nyingine. Nyie wa bima, lipeni tangu saa ya kwanza ya amri, mlipe na anayebaki kumuuguza, na makato yenu yasiguse ankara ya mtu aliyetengwa. Na anayeweka alama kwenye Ndiyo pale gatini aruhusiwe kubadilisha tarehe bila faini. Mtaniambia watu watadanganya ili wapate tarehe mpya. Watadanganya wachache. Sasa hivi wanadanganya wengi, na wanadanganya wakiwa wagonjwa.

Kwa vijana wa kazi, wapeni wastani wa bakshishi za siku wanapotengwa. Kwa meli yenye mikahawa kumi na ukumbi wa dansi hiyo ni bei ya maua ya mezani.

Nanyi wa nyumbani, mliopata nakala, msikae mkacheka. Mombasa mmejenga jengo zuri la kupokea meli za kitalii. Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje anatakiwa kukata bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima. Siwapingi, mgeni akivunjika mguu Nungwi asiwe mzigo wa hospitali ya mwananchi. Lakini msiwaige hawa wa huku katika maandishi madogo. Mgeni akitengwa, aelezwe kwa lugha yake nani analipa chumba, nani analipa chakula, nani analipa ndege iliyomwacha, na alipwe bila kuambiwa alishauriwa. Mnawapeleka wageni Changuu kutazama kobe waliotoka Ushelisheli, na ni vyema. Waonyesheni pia kwamba kisiwa kile kilichojengewa gereza kiliishia kuwa mahali pa karantini ya wasafiri, watu waliowekwa kando ili mji usalimike. Angalau wao walikuwa na upepo na bahari ya kutazama. Mimi nilikuwa na idhaa ya kamera.

Mamangu amepona kukatishwa tamaa haraka kuliko mimi. Juzi ameleta kijitabu cha matangazo, ameweka kidole juu ya Geiranger, Mei ijayo, akaniuliza kama safari hii tunaweza kupata chumba chenye dirisha. Nimeanza kuweka pesa. Fomu ya afya nayo nimeshaitazama kwenye tovuti, haijabadilika, swali lilelile na visanduku viwili. Tafadhali nijibuni kabla ya Mei, nijue ni kipi nitaweka alama endapo nitaamka usiku wa Alhamisi na tumbo linavuruga.

Wenu,
Abiria wa chumba cha ndani, sitaha ya tano